Ugali na Mlenda kwa Jiko Dogo la Gesi Safarini

Wengi wanaopanda vilima vya Dodoma na Kondoa hubeba jiko dogo la gesi, lile linalofungwa juu ya kopo lake, kisha huishia kuchemshia maji ya chai na tambi za pakiti. Jiko hilohilo huivisha choroko, mlenda na ugali wa uwele, mradi mpishi azingatie kwamba moto wake ni mkali, umejikusanya katikati ya sufuria, na kwamba jiko lenyewe ni rahisi kupinduka.

Kazi huanza nyumbani. Chekecha unga na kuufunga kwa kipimo. Gramu 300 hutosha watu wawili. Beba mlenda mkavu uliotwangwa, karanga zilizokaangwa na kusagwa, kipande kidogo cha magadi, chumvi, kitunguu na nyanya mbili. Maharage yaache, kwa kuwa humaliza gesi, na yasipochemka sawasawa hudhuru tumbo. Choroko zilizochambuliwa ziloweke asubuhi katika chupa yenye mdomo mpana, zilainike wakati mnatembea.

Wakati wa kiangazi, upepo ndio hupoteza gesi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Tafuta mahali tambarare nyuma ya jiwe kubwa, ondoa nyasi kavu, ufunge jiko kwenye kopo na kupaka povu la sabuni penye kiungo. Mapovu yakifura, gesi inavuja, usiwashe. Kinga ya bati isimame upande unakotoka upepo tu, kwa sababu ukilizungushia jiko pande zote joto hurudi kwenye kopo na kopo linaweza kupasuka. Ndani ya hema usipike kabisa, kwani moto hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu. Na mkiwa Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro ya kale ya miambani, tafadhali msipike chini ya miamba yenye michoro, hata kama ina kivuli kizuri: michoro hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moshi na masizi huiharibu.

Anza na choroko. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na chakula huchelewa kidogo kuiva, mfuniko usiondoke. Zichemshe kwa dakika 15, zima jiko, kisha viringisha sufuria kwa blanketi kwa nusu saa. Zitaendelea kuiva bila gesi, nawe utaziunga kwa kitunguu baadaye.

Kwa mlenda, chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na magadi, chumvi na nyanya iliyokatwa, kisha nyunyiza mlenda kidogo kidogo huku ukipekecha. Punguza moto kabla ya kutia karanga, kwani hushika chini upesi hapo katikati. Dakika tano zinatosha.

Ugali usongwe mwisho, nao ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Koroga uji mwepesi kwa maji ya nusu lita na zaidi kidogo, uache utokote vizuri, kwa kuwa uji mbichi hutoa ugali mbichi. Ukiongeza unga na mwiko ukaanza kuwa mzito, usiendelee kusonga juu ya jiko: nguvu ya mkono italiangusha. Teremsha sufuria chini, uibane kwa nyayo za viatu au mwenzako aishike kwa kitambaa, songa kwa nguvu mpaka mabonge yaishe, halafu uirudishe kwenye moto mdogo sana kwa dakika moja, ukiizungusha ili joto lifike pembeni. Rudia mara tatu au nne, mpaka harufu ya unga mbichi iishe na ugali uachane na sufuria. Ukishaupakua, mimina maji kidogo juu ya ukoko na kufunika. Mtakapomaliza kula utakuwa umebanduka wenyewe, wala hamtahitaji maji mengi ya kuoshea.