SOMO: Kuchagua muundo wa korelesheni kwenye jaribio la klasta

Wakuu, kila mara PM yangu inajaa swali lilelile: "nitumie modeli ipi?" Naandika hapa mara moja. Jaribio la klasta ni lile linalogawa makundi mazima (klasta), si mtu mmoja mmoja; korelesheni ni jinsi matokeo ya watu wa klasta moja yanavyofanana. Ukiniuliza tena nakutumia linki ya uzi huu.

1. Jua ni kitu gani ulichokipigia kura kukigawa kwenye makundi ya jaribio. Kama ni zahanati, klasta ni zahanati, si mgonjwa.

2. Hesabu klasta kabla ya watu. Jaribio la Mwanza la kutibu magonjwa ya zinaa, lililotoa matokeo 1995, lilipima maelfu ya watu, lakini jamii zilikuwa 12 tu, jozi 6.

3. Kadiria ICC, yaani kipimo cha kufanana huko ndani ya klasta. Watu 50 kwa klasta, ICC 0.05: 1 + 49 × 0.05 = 3.45. Sampuli uliyopigia hesabu za kawaida izidishe kwa hiyo.

4. Unapima mara moja tu mwishoni? Athari nasibu moja ya klasta (random effect: kila klasta ina tofauti yake) inatosha. Nenda hatua ya 6.

5. Unapima vipindi kadhaa, au klasta zinaingia kwenye huduma kwa zamu? Tulia hapa, maana ndipo wengi wanaungulia. Modeli ya Hussey na Hughes (2007), ya majaribio ya kuingia kwa zamu (stepped wedge), inachukulia kwamba wagonjwa wawili wa zahanati moja wanafanana kiasi kilekile, wawe wamepimwa mwezi mmoja au wamepishana mwaka. Kwenye zahanati halisi, katikati hapo mganga mfawidhi amehamishwa, dawa zimekatika, masika yamefunga barabara. Kwa hiyo una chaguo tatu:
a) ICC moja, 0.05 kwa vipindi vyote;
b) ICC mbili: 0.05 ndani ya kipindi, 0.04 kati ya vipindi, viwe jirani au mbali;
c) inayofifia: 0.05, kisha 0.04, 0.032, 0.0256, kila kipindi kinavyosogea.

ONYO: ukiweka (a) wakati ukweli ni (b) au (c), kosa sanifu (standard error, kipimo cha kuyumba kwa makadirio) mara nyingi linatoka dogo kuliko stahili yake, na unashangilia p ndogo ya uongo. ONYO la pili: chaguo liandikwe kwenye protokali kabla ya data. Ukijaribu zote tatu halafu ukabakiza yenye p nzuri, umeshaharibu. Mimi bila sababu ya kupinga naanza na (c). Na kipindi kiingie kama kategoria, kila kimoja na athari yake, si kama mstari mmoja.

6. Klasta chini ya 40 hivi: tumia Kenward-Roger (marekebisho ya sampuli ndogo kwa modeli yenye athari nasibu), au GEE (njia isiyotumia athari nasibu) yenye marekebisho ya sampuli ndogo.

MASWALI

Kibatari: Mkuu nina vipindi vinne, nitumie ipi?
— Hatua ya 5.

Kibatari: Nimeiona ila ndefu sana.
— Ndiyo hiyohiyo.

Mzee wa Data: Unakuza mambo. Sisi kwenye R tunaweka (1|kituo) tu, yaani athari nasibu ya kituo, na makala zinapita.
— Makala kupita si ushahidi. Ongeza (1|kituo:kipindi), linganisha kosa sanifu, halafu urudi tubishane ukiwa na namba.

Binti Pwani: Shikamoo. Mimi nafuatilia watu walewale kila kipindi. (b) inanitosha? Na kiwango cha kufifia nakipata wapi?
— Marahaba. Haitoshi, maana mtu anafanana na nafsi yake kuliko na jirani yake: ongeza athari nasibu ya mtu. Kwa (c), lme4 (kifurushi cha R) itakusumbua. Tumia kifurushi cha glmmTMB, ar1(0 + kipindi | kituo), kipindi kikiwa factor (kategoria). Kuhusu kufifia, utafiti uliofanyika mara moja hautakuambia kitu. Chukua takwimu za kila mwezi za vituo kwenye DHIS2 (mfumo wa ripoti za vituo vya afya), uone mwezi huu unavyofuatana na uliopita, kisha miezi sita nyuma. Ni dokezo tu, lakini ni bora kuliko kubuni.

Binti Pwani: Vituo vingine vina miezi mitupu. Niweke sifuri?
— Hapana! Mwezi mtupu unaweza kuwa ripoti haikuletwa. Pakua na viwango vya uwasilishaji wa ripoti, na kituo kinachoruka miezi mingi kiweke pembeni.

Kibatari: Kwa hiyo mimi ni (b) au (c)?
— Una klasta ngapi?