Punguza bloku kwenye mchoro wa pampu, hatua kwa hatua

Michoro mingi ya kuendesha pampu ninayoikuta hapa Lamu imejaa bloku (visanduku vya masharti) zisizo na kazi. Fundi wa kwanza alichora, wa pili akaongeza sharti lake pembeni, wa tatu akaogopa kugusa. Tuchukue nyumba ya wageni Shela: kisima chini, tangi juu, na kidhibiti kidogo cha LOGO! kinachopangwa kwa bloku za AND (yote yawe 1, yaani kweli), OR (walau moja liwe 1) na NOT (1 inageuka 0, na 0 inageuka 1). Wa LabVIEW, programu ya kompyuta ya kupanga kwa kuchora, naye atafuata njia hii hii.

1. Ipe kila ingizo jina la hali yake ikiwa 1. K: kisima kina maji. T: tangi limepungua. M: swichi ya mkono imewashwa, kwa ajili ya kumwagilia bustani. "Floti 2" (floti ni swichi inayoelea majini) si jina, ni fumbo.

2. Anzia kwenye pampu, rudi nyuma hadi kwenye maingizo, ukiandika unachokiona. Hapa tunapata:

Pampu = (K AND T) OR (K AND NOT T AND M)

3. Toa kinachojirudia. K iko pande zote mbili, basi itoe nje:

K AND (T OR (NOT T AND M))

Sasa tazama ndani ya mabano. T ikiwa 1, OR imeshapata jibu. T ikiwa 0, NOT T ni 1, kinachoamua ni M peke yake. Kwa hiyo NOT T haibadilishi chochote:

Pampu = K AND (T OR M)

Bloku nne zimebaki mbili. Claude Shannon aliionyesha kazi hii kwa rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) katika tasnifu yake ya MIT ya mwaka 1937, kwa kutumia aljebra ya Boole, hesabu ya 1 na 0.

4. NOT iliyokaa baada ya OR. Tuseme H ni hitilafu, J ni tangi limejaa. NOT (H OR J) ni sawa na NOT H AND NOT J. Ndiyo kanuni ya De Morgan. Kwenye LOGO! unageuza pini ya bloku yenyewe, NOT ikaondoka. Lakini kama "isimame kukiwa na hitilafu au tangi likijaa" ndivyo mwenye nyumba anavyosema, mimi huiacha OR yake.

5. Usigeuze floti ili kuokoa NOT. Hapa ndipo watu huunguza pampu. Floti ya K inafunga saketi maji yakiwapo, kwa hiyo waya ukikatika K inakuwa 0 na pampu inasimama. Ukiigeuza iwe "kisima kikavu = 1", waya uliokatika utasomeka kama kisima kilichojaa. Na huku chumvi ya bahari inakula vituo vya waya bila huruma. Pampu itazunguka kavu, na kisima kikivutwa kupita kiasi maji yake hukolea chumvi.

Bloku za kushikilia hali na za muda ziache zilivyo. Zinakumbuka yaliyopita, na hesabu hii haijui yaliyopita.

6. Linganisha kwa jedwali. Maingizo matatu ni safu 8. Jaza mchoro wa zamani na mpya. Pampu iwake kwenye safu tatu tu, zote K ikiwa 1: T peke yake, M peke yake, au zote mbili.

Hifadhi faili la zamani, pakia jipya, kisha nenda kisimani. Washa M, pampu ikizunguka chomoa waya wa K. Isiposimama hapo hapo, rudisha la zamani kabla hujaondoka.