Ukiambiwa hujafikisha miaka ya kazi inayotakiwa upate pensheni, dai hesabu kwanza

Nimeshika mafaili ya mishahara miaka mingi, na siku hizi waliopunguzwa kazini huniletea barua zao tuzisome pamoja. Nyingi zina sentensi ileile: "Hukutimiza muda wa utumishi unaotakiwa." Muda gani? Umehesabiwa toka lini mpaka lini? Kimya. Mtu akiisoma anapandwa na hasira, anaandika kurasa mbili za jinsi alivyojitoa kwa kampuni. Hasira ni haki yake, ila karani anayepokea barua ile hana pa kuiingiza kwenye faili. Kinachoingia kwenye faili ni tarehe.

Basi barua yako ya kwanza iwe fupi. Mimi huwaandikia hivi:

"Naomba nipatiwe kwa maandishi: kanuni za mfuko wa pensheni zilizokuwa zikitumika siku niliyoajiriwa na siku niliyoachishwa, taarifa ya michango yangu mwezi kwa mwezi, na hesabu ya muda wangu wa utumishi, ikionyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, vipindi vilivyoondolewa na kifungu cha kanuni kilichotumika kuviondoa."

Kile kijitabu chenye picha za wazee wanaotabasamu ulichopewa wakati wa kuajiriwa si kanuni. Ni muhtasari. Kanuni zenyewe ni hati ndefu yenye vifungu, na humo ndimo penye maana ya "utumishi", ambayo ndiyo kesi yako nzima.

Wakati unasubiri jibu, fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme kanuni inadai miaka 5 kamili. Uliingia tarehe 1 Machi 2018 kwa majaribio ya miezi sita, ukathibitishwa 1 Septemba 2018, ukaachishwa 20 Juni 2023. Mwajiri anaanzia siku ya kuthibitishwa, anapata miaka 4, miezi 9 na siku 20. Anakwambia pole. Ukianzia siku uliyoripoti kazini, unapata miaka 5, miezi 3 na siku 20. Mtu yuleyule, kazi ileile. Sasa fungua kanuni uone zinasema utumishi unaanza lini: siku ya ajira, siku ya kuthibitishwa, au siku mchango wa kwanza ulipokatwa. Kama makato yalianza Machi, hati ya mshahara ya Machi inaongea kuliko wakili.

Mwishoni mwa hesabu nako kuna mambo. Katika mfano huohuo, tukikubali hata hesabu ya mwajiri, pengo ni miezi miwili na siku kadhaa tu. Mkataba ukiwa unakupa notisi ya miezi mitatu, na ukabaki kwenye orodha ya mishahara mpaka notisi iishe, umelivuka. Ila kama ulilipwa fedha badala ya notisi na kuondoka siku hiyohiyo, mifuko mingi haihesabu miezi hiyo mpaka kanuni au mkataba uwe umesema hivyo. Hapo usibuni, tafuta kifungu.

Vipindi vingine vinavyopotea kimyakimya: likizo ya uzazi, ugonjwa wa muda mrefu, likizo bila malipo, mikataba ya muda mfupi iliyofuatana, na kuhamishwa toka kampuni moja kwenda nyingine ya mwenye mali yuleyule. Hili la mwisho nalichukia kuliko yote, maana mfanyakazi hakubadilisha hata kiti, na bado faili linasoma mwajiriwa mpya. Barua ya uhamisho ikisema utumishi wako unaendelea, itoe nakala.

Ushahidi ni barua ya ajira, ya kuthibitishwa na ya kuachishwa, hati za mishahara, taarifa za benki. Kama makato yanaonekana kwenye hati ya mshahara lakini hayamo kwenye taarifa ya mfuko, hilo ni jambo zito la peke yake: fedha ilitoka kwako na haikufika. Liandikie barua yake, usilichanganye na la miaka.

Kuna karatasi mbili za kuogopa. Ya kwanza ni ile ya malipo ya mwisho yenye maneno "sina madai mengine yoyote". Omba muda, ipeleke kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria, na ukisaini, dai iandikwe kwamba suala la pensheni limebaki wazi. Ya pili ni fomu ya kurudishiwa michango. Kwa kawaida michango yako mwenyewe haipotei hata kama hujafikisha miaka. Ugomvi ni wa sehemu ya mwajiri na wa haki ya kulipwa kila mwezi uzeeni. Lakini katika mifuko mingine, ukishachukua michango umefuta uanachama pamoja na miaka yake. Soma kabla ya kujaza.

Barua zote zipeleke kwa mwajiri na kwa wasimamizi wa mfuko, kila mmoja nakala yake, upigiwe muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi mfuko umesimama peke yake kisheria, na wadhamini wake hawalazimiki kumeza alichosema afisa utumishi.

Uamuzi wa kukukatalia ukija, tazama tarehe yake na utunze bahasha. Muda wa rufaa umeshaanza. Marekani, chini ya ERISA, sheria ya 1974 inayosimamia pensheni za waajiri binafsi, anayekataliwa hupewa angalau siku 60 kuomba uamuzi upitiwe upya. Uingereza, msuluhishi wa pensheni kwa kawaida hupokea malalamiko ndani ya miaka 3. Kwako itakuwa tofauti, kwa hiyo uliza kwa maandishi: rufaa inapelekwa kwa nani, na mwisho lini? Maliza ngazi ya ndani kwanza, kwa sababu mdhibiti wa mifuko au baraza la kazi huenda akakurudisha ukianzia kwake. Na usisubiri jibu la simu uliyoahidiwa. Siku zinahesabiwa hata kama simu haijapigwa.