Maneno Yanayoandamana: Kiingereza cha Tasnifu kwa Aliyekulia Kiswahili

Msimamizi akirudisha sura ya kwanza na neno "awkward" pembeni, mara nyingi sarufi haina kasoro. Kilichokosewa ni ujirani wa maneno. Kwetu picha inapigwa, rufaa inakatwa, saini inatiwa. Mgeni akisema "nimefanya picha" tunamwelewa, lakini sikio linashtuka. Mhadhiri naye hushtuka hivyo hivyo akisoma "make a research".

Katika Kiingereza cha chuo, anza na nomino, kwa kuwa ndiyo inayochagua kitenzi. "Research" huenda na "conduct" au "carry out", haitanguliwi na "a", wala haiongezwi herufi ya wingi. Ukitaka kuhesabu, tumia "study" na "studies". "Evidence" nayo haihesabiki; huenda na "provide", na "evidences" ni kosa linalojirudia sana katika maandishi yetu. "Hypothesis" unai-"test". "Conclusion" unai-"draw" au unai-"reach", na hapo tumebahatika, maana sisi pia tunafikia hitimisho.

Mtego mkubwa zaidi ni ile -a yetu ya uhusiano. Ya, la, wa na cha hufanya kazi nyingi, nasi tukitafsiri kichwani zote tunazigeuza kuwa "of". Utafiti wa malaria ukawa "research of malaria", badala ya "research on" au "research into". Mahitaji ya umeme ni "demand for electricity", suluhisho la tatizo ni "solution to a problem" (wanahisabati wanayo "solution of an equation", hao waacheni), na mtazamo wa ufundishaji ni "approach to teaching". Neno "sababu" lina mtego wake: likiwa "cause" linachukua "of", likiwa "reason" linachukua "for".

Wakati mwingine "of" ni sahihi, ila ina kazi nyingine. Katika "an increase of 5 per cent in prices", "of" imebeba kiasi na "in" imebeba kitu kilichoongezeka. Kwa hiyo ongezeko la bei ni "increase in prices". Athari za mafuriko kwa wakulima ni "the effects of floods on farmers": "of" kwa kisababishi, "on" kwa anayeathirika. Ukibadilisha nafasi hizo, wakulima ndio watakaokuwa wameyaathiri mafuriko.

Upande wa vitenzi mambo hugeuka, tunaongeza kisichohitajika. Kujadili kuhusu huzaa "discuss about", kusisitiza juu ya huzaa "emphasize on". Vitenzi hivyo vinataka yambwa moja kwa moja: "discuss the results", "emphasize the need". Nomino yake ndiyo yenye kihusishi: "place emphasis on".

"Kubwa" nalo tunalitumia kila mahali. Tatizo kubwa ni "serious" au "major problem", ushahidi mkubwa ni "strong evidence". "Significant difference" iandike kwa tahadhari. Kwenye utafiti wa takwimu msomaji ataelewa kwamba umefanya jaribio la kitakwimu, na ataitafuta thamani ya p. Kama hukulifanya, andika "considerable" au "marked".

Kujifunza, chukua makala 3 za fani yako zilizotoka kwenye majarida yenye uhakiki. Chagua nomino 10 unazozihitaji kila wiki. Kwa kila moja nakili sentensi nzima, kisha pigia mstari kitenzi, kivumishi na kihusishi chake. Neno lililonakiliwa peke yake halisaidii, kwa sababu ulichokuwa unakosa ni jirani zake. Ipo Academic Collocation List ya mwaka 2013, orodha ya maneno yanayoandamana katika Kiingereza cha kitaaluma, yenye michanganyiko 2,469. Itumie kuhakiki, kuikariri yote kutakuchosha kabla hujafika herufi D.

Ukiwa na shaka, fungua SkELL, tovuti inayoonyesha jinsi maneno ya Kiingereza yanavyotumika, ni bure. Andika "evidence", bofya "Word sketch", utaona vitenzi na vivumishi vyake vikiwa vimepangwa kwa makundi. Njia nyingine ni Google Scholar: weka maneno ndani ya alama za kunukuu, tafuta "solution to the problem of", kisha toleo lako, ulinganishe. Idadi inayotokea ni makadirio tu, na hata kosa lina watumiaji wake, basi angalia tofauti kubwa na usome sentensi chache zenyewe. Kamusi ya visawe ndiyo ya kuogopa: haikuambii neno jipya linaandamana na nani.

Kabla ya kukabidhi, bonyeza Ctrl+F, andika "of" yenye nafasi pande zote mbili, na kila inapotokea tazama nomino iliyo kushoto. Rudia kwa "about", "big" na "make". Kwa sura ya kurasa 20 tenga jioni nzima, na usiifanye siku ile ile uliyomaliza kuandika, kwani macho bado yatakuwa yanasoma Kiswahili kilicho kichwani.