Mti mmoja, mwaka mzima: jinsi ya kufundisha watoto wa chekechea msituni

Siku ya kwanza nilipowapeleka watoto wa chekechea msituni nilibeba karatasi za shughuli za kutosha kila mtoto. Nilirudi nazo vilevile. Watoto walikuwa wamechuchumaa karibu dakika arobaini kando ya njia, wakiwatazama sisimizi wakivuta bawa la kipepeo kulipeleka shimoni. Bawa lilikwama kwenye mzizi, likageuzwa, likakwama tena. Mtoto mmoja ambaye darasani hakuwa akisema zaidi ya neno moja kwa siku aliwaambia wenzake, "Subirini, wanafikiria."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikishika jambo moja, na mwongozo huu wote unasimama juu yake: rudini mahali palepale, kila wiki, mwaka mzima. Safari moja ya mwaka ni matembezi tu. Mtoto huyaona majira pale tu anapokumbuka mahali hapo palivyokuwa mara iliyopita. Mwaka 1993 wanafunzi wa malezi ya watoto na walimu wao kutoka chuo cha Bridgwater, Uingereza, walizuru Denmark, ambako kwa miaka mingi kwenda nje lilikuwa jambo la kawaida kwa watoto wa umri huu. Waliporudi kwao walianzisha utaratibu wa kuwapeleka watoto msituni mara kwa mara, na wengine wengi wakaufuata.

Hatua ya 1: Tafuta msitu mdogo, kisha uende peke yako

Msitu mkubwa hauhitajiki. Kichaka chenye miti ya aina tatu au nne, gogo lililoanguka na ardhi yenye mabonde madogo kinatosha. Umbali upime kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote: akitembea zaidi ya robo saa, atafika ameshachoka. Pata ruhusa ya mwenye mahali, na iwe kwa maandishi.

Nenda huko bila watoto angalau mara mbili, mara moja iwe baada ya mvua, na uende saa ileile mtakayokwenda nao. Anza kutazama juu. Tawi kavu lililonasa katikati ya matawi mengine ni hatari kuliko wadudu wote mtakaokutana nao, kwa hiyo usiweke mahali pa kukaa chini yake. Kisha tazama usawa wa kifua chako na usawa wa macho ya mtoto: miiba, upupu, viota vya nyigu, nyuki wanaoingia na kutoka kwenye mti wenye uwazi. Mwisho tazama chini: vioo vilivyovunjika, mashimo, maji. Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini mwako. Pakiwa na dimbwi au kijito, ama mpaka wenu ukiache nje, ama mtu mzima mmoja asimame hapo bila kazi nyingine yoyote.

Mbegu zinahitaji jicho la pekee. Mbegu za mbarika zina madoadoa mazuri, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi hung'aa kama shanga. Zote mbili ni sumu kali, na ndizo hasa mtoto atakazotaka kuzitia mfukoni. Ukizikuta, hama mahali hapo.

Hatua ya 2: Panga watu wazima na mfuko

Fuata kwanza sheria ya mahali ulipo kuhusu idadi ya walezi. Mimi sitoki nikiwa na watoto zaidi ya wanne kwa kila mtu mzima, hata pale sheria inaporuhusu zaidi. Mmoja wenu lazima awe amefunzwa huduma ya kwanza.

Mfukoni: sanduku la huduma ya kwanza, dawa za watoto wenye mzio au pumu zikiwa na majina yao, maji ya kunywa, maji ya kunawa na sabuni, nguo za kubadilisha, turubai, kibano cha kutolea kupe, filimbi, na simu yenye chaji. Hakikisha simu inashika mtandao pale mtakapokaa, na kila mlezi ajue gari la wagonjwa litafikia upande gani.

Wazazi wataogopa matope kuliko kitu kingine. Usiwaandikie barua, waite msituni kwenyewe. Waonyeshe mpaka, waonyeshe mfuko, wakae kwenye gogo dakika chache. Waombe nguo kuukuu zinazofunika mikono na miguu, pamoja na viatu vilivyofungwa.

Hatua ya 3: Weka mpaka na mwito

Siku tatu za kwanza msifanye kingine chochote. Watoto wenyewe wafunge vitambaa vyenye rangi kali kwenye miti ya mpakani, kwa sababu mtoto huuheshimu zaidi mpaka alioufunga kwa mkono wake. Kisha chagueni mwito. Wetu ni mlio wa bundi, na kila anayeusikia huuitikia huku akikimbilia kwenye gogo. Ucheze kama mchezo mara tatu kila siku, hata pasipo na sababu, ili siku ya sababu miguu yao iwe imeshazoea.

Na uhesabu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nikihesabu tukifika na tukiondoka tu. Asubuhi moja niliita, wakaja wote isipokuwa mmoja. Alikuwa amelala nyuma ya gogo hatua kumi kutoka nilipokuwa, akitazama konokono. Alikuwa amesikia, ila hakutaka konokono aondoke bila yeye kuona. Zilikuwa dakika mbili, nami sijazisahau. Sasa nahesabu kila baada ya dakika kumi, kwa sauti, na watoto huhesabu pamoja nami. Wengi wao wamejifunza namba kwa njia hiyo kabla ya kuziona ubaoni.

Hatua ya 4: Kila kikundi kichague mti wake

Watoto wanne, mti mmoja. Waukumbatie, waunuse, waweke karatasi juu ya gamba na kusugua kwa chaki ya nta mpaka michirizi itokee. Wazungushe kamba kwenye shina na kuikata, kisha uihifadhi kamba hiyo. Piga picha ukiwa umesimama kwenye jiwe lilelile kila mwezi. Hayo yote hayana maana kubwa siku ya kwanza. Subiri.

Hatua ya 5: Acha majira yashike usukani

*Wakati wa mvua.* Huu ndio wakati ambao walimu wengi hukaa ndani, na ndio wenye utajiri mkubwa kuliko yote. Wapeleke watoto waone maji yanavyoteremka kwenye shina: mti wenye gamba laini hulowa kwa namna moja, wenye gamba la mipasuko kwa namna nyingine. Nyungunyungu hutoka juu. Mwambie mtoto kwamba hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu, halafu muulize kwa nini hatumwachi juu ya jiwe kavu.

Gogo ligeuzwe na mtu mzima tu. Inua upande ulio mbali nawe, ukilivutia kwako, ili kiumbe kilicho chini kikikimbia kikimbilie mbali nanyi. Hapo mtakutana na jongoo na tandu, na tofauti yao ni somo la siku nzima: kwenye karibu kila pingili jongoo ana jozi mbili za miguu, tandu jozi moja. Jongoo hujikunja na kungoja. Tandu hukimbia, naye huuma, kwa hiyo hutazamwa kwa macho tu. Kisha mrudishe gogo lilivyokuwa, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya wenyewe.

Uyoga utachipuka. Sheria yetu ni macho ndiyo, mdomo kamwe. Nami huutumia kwa kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu ina nguzo moja." Watakaokitegua ni wale waliochuchumaa wakatazama chini ya kofia yake.

Mkisikia ngurumo, ondokeni mara moja kwenda kwenye jengo au gari, na msirudi mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mti si mahali pa kujificha radi.

*Wakati wa kiangazi.* Ondokeni mapema, kofia vichwani, maji kila mara. Mtoto aweke kiganja juu ya jiwe lililo juani, kisha juu ya lililo kivulini. Majani yakianza kupukutika, usikimbilie kueleza. Mtoto mmoja aliwahi kusema mti umechoka kuyabeba, mwingine akasema una kiu. Huyo wa pili alikuwa karibu sana na ukweli: majani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo mno, na ardhi ikikauka mti huyaachilia ili usikauke wote. Katika nchi za baridi kali miti mingi hufanya vivyo hivyo kabla ya theluji, mwanga unapopungua na maji kuelekea kuganda ardhini. Yapangeni majani yaliyoanguka kutoka kijani hadi kahawia. Hesabuni yaliyotobolewa na wadudu.

*Wakati wa upepo.* Upepo mkali, hamuingii msituni, hata kama wazazi wameshafika na mifuko. Upepo mwepesi ni wa mbegu. Kusanyeni zenye mabawa, zenye pamba na zile zinazong'ang'ania soksi, mzirushe mkiwa juu ya gogo, muone ipi inafika mbali.

*Wakati wa baridi.* Fupisheni muda na msikae. Mtoto mdogo hasemi anasikia baridi, ananyamaza tu na kuacha kucheza. Usiguse vidole vyake, hivyo huwa baridi hata akiwa salama. Gusa shingo kwa nyuma. Ikiwa baridi, mnarudi.

Hatua ya 6: Punguza maneno yako

Hii ndiyo hatua iliyonichukua miaka. Swali kama "Hili jani lina rangi gani?" lina jibu moja, na mtoto akishalitoa anaondoka. Jaribu "Unaona nini?" kisha unyamaze. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Mtoto akikuletea mdudu, usitaje jina kwanza. Waacheni wahesabu miguu: sita ni mdudu, minane huenda ni buibui. Jina litakuja, nalo litashika kwa sababu limekuta mahali pa kukaa.

Kupanda pia usikimbilie kukataza. Simama karibu, uliza "Mguu wako unaofuata utauweka wapi?" Lakini usimwinue mtoto kumweka juu ya tawi. Asipoweza kupanda mwenyewe, hataweza kushuka mwenyewe.

Hatua ya 7: Mkirudi

Mikono kwa maji na sabuni kabla ya chakula, bila kuachia hata mmoja. Mkagueni kila mtoto nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti kutafuta kupe. Ukimwona, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, usimpake mafuta wala kumchoma. Mjulishe mzazi siku hiyohiyo.

Kisha andika maneno ya watoto kama walivyoyasema, na tarehe. Si muhtasari wako, maneno yao. Majira yanapobadilika, chukua daftari, picha na ile kamba, mrudi chini ya mti, umsomee mtoto alichosema. Niliwahi kumsomea mmoja: "Mti wetu umekufa." Aliinua kichwa, akayatazama majani mapya kwa muda mrefu, akaniambia, "Futa hiyo." Tukakubaliana tusifute, tuandike nyingine chini yake.

Mwaka ukiisha, tazama ardhi mlipokuwa mkikaa. Udongo ukiwa umegandamana na hakuna kinachochipua, sogezeni mahali pa kukaa hatua ishirini, mpazungushie vitambaa mahali pa zamani, na wiki zinazofuata watoto wahesabu kitakachoota hapo.