Jinsi ya kusoma ushuhuda wa Waingereza wa zamani bila kuchezwa

Kama uko Kisumu ama Kakamega na umepewa kazi ya historia ya Uingereza ya miaka ya 1800, wachana na muhtasari kwanza, anza na watu wenyewe waliohojiwa, maneno yao yako bure mtandaoni na simu inatosha, zile PDF nzito tu ndio upakue usiku bando ikiwa bei ya chini.

Tafuta ripoti ya bunge ya 1842 kuhusu watoto wa migodi ya makaa ya mawe. Kuna Sarah Gooder, miaka 8, kazi yake ni kufungua na kufunga mlango wa hewa huko chini, anaingia saa kumi alfajiri, saa zingine tisa na nusu, kutoka ni saa kumi na moja jioni. Anasema akiwa na taa huimba, lakini gizani hathubutu. Hapo soma polepole. Mambo madogo kama hayo ndio mimi huamini kabla ya hotuba yoyote ya huzuni. Mwaka huohuo sheria ikakataza wanawake, wasichana na wavulana chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya mgodi.

Sasa angalia ni nani alikuwa anauliza. Dani wako, yaani nyanya yako, kule Nyakach ukimuuliza mambo ya wakoloni atakupea stori moja, chifu akimuuliza kwa baraza atatoa ingine kabisa, na hajadanganya mtu. Kamati ya mbunge Michael Sadler ya 1832 kuhusu viwanda vya nguo ni hivo tu, mwenyewe alitaka masaa ya kazi yapunguzwe na mashahidi wengi walikuwa wa upande wake, wenye viwanda wakalalamika mpaka serikali ikatuma tume ingine 1833. Soma zote mbili.

Henry Mayhew, mwandishi wa gazeti aliyeanza kuhoji maskini wa London 1849, ndiye mtamu kuliko wote, lakini maswali yake mengi ameyatoa, unaona tu mtu anaongea mfululizo. Chukua kalamu, kando ya kila jibu andika swali unalodhani aliuliza. Muuza mboga akianza ghafla kueleza kama anajua kusoma ama huenda kanisa, jua ameulizwa.

Ukibaki na nguvu ingia rekodi za mahakama ya Old Bailey ya London, ziko mtandaoni, zinafika 1913, ziko na sehemu ya kutafuta. Weka neno la kitu cha nyumbani kwa Kiingereza, blanketi ama sufuria, uone mashahidi wakieleza nani alilala wapi na mlango ulifungwa saa ngapi. Kesi za mauaji ruka, hizo kila mtu ashasoma.