Nguruwe pori: jiandae kabla mahindi hayajatoa ndevu

Ukikuta asubuhi mabua yamelazwa chini, mahindi yametafunwa na magunzi yake na makapi yametemwa palepale, usikimbilie kununua seng'enge. Hakikisha kwanza ni nani aliyepita. Kima huchuma hindi na kwenda kulila mtini. Nungunungu hutafuna bua na mihogo chini, na mara nyingi huacha mwiba au miwili. Nguruwe pori ndiye anayefukua udongo kwa pua mpaka unadhani mtu kapita na jembe butu. Kwenye udongo laini nyayo zake ni kwato mbili pana, na nyuma yake vidoa viwili vya kwato ndogo.

Halafu tusimchanganye na ngiri, ingawa huku Moshi tunawaita wote ngiri. Ngiri hutembea mchana, hula amepiga magoti na hulala shimoni, zaidi kwenye tambarare. Nguruwe pori hutoka usiku, mchana hujificha kwenye kichaka kinene, na hutembea na familia: jike, watoto, dume. Mkubwa anafika kilo 60 au 80, wengine hupita 100. Mitandaoni utaona pia video za Texas, watu wanawapiga risasi nguruwe kutoka kwenye helikopta. Wale ni wageni kule, kizazi cha nguruwe waliopelekwa na Wazungu wakatoroka, na sheria ya kule inaruhusu kuwawinda mwaka mzima. Wetu ni mwenyeji, alikuwepo kabla ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, chako na changu. Kwa hiyo mbinu za kule usizilete huku.

Jambo la pili ni kalenda. Ukipanda mwezi Machi, una vipindi viwili vya hatari. Cha kwanza ni wiki ya kupanda, maana hufuata mstari akifukua mbegu moja baada ya nyingine. Cha pili huanza mahindi yakitoa ndevu hadi yakomae, hasa yakiwa ya kuchoma. Uzio uwe umekamilika kabla ya kipindi hicho cha pili. Nguruwe akishaonja shamba lako siku mbili tatu, anajua njia, na kumtoa ni kazi nyingine kabisa. Magimbi, mihogo na viazi vitamu havina msimu kwake, vyote anavifukua wakati wowote.

Punguza pia pa kujificha. Kati ya kichaka na mstari wa kwanza wa mahindi fyeka hatua kumi hivi, maana hapendi kuvuka uwanja mweupe. Pembeni hapo usiweke mihogo wala magimbi. Mimi niliweka magimbi kwa sababu palikuwa na maji, ikawa kama nimemwandalia kitafunio cha kusubiria chakula.

Sasa uzio. Masale, ile mimea ya kupanda mpakani, ni mpaka wa heshima kati ya jirani na jirani, nguruwe hayajui. Wavu wa chuma wa urefu wa mita moja unatosha, kwa sababu huyu si mnyama wa kuruka, ni wa kuinua. Anaingiza pua chini ya waya na kusukuma juu kwa shingo. Kwa hiyo fukia wavu sentimita 30, au ukunje chini uelekee nje na uubane kwa mawe. Kama hela ni ya seng'enge tu, mstari wa chini uwe kiganja kimoja kutoka ardhini, uliokazwa sawasawa. Uzio wa umeme wa sola una bei, lakini mistari miwili ya chini, sentimita 20 na 45, inamfundisha adabu, mradi ufyeke majani yasiguse waya. Majani mabichi yakigusa, umeme unavujia ardhini na kijiboksi cha kusukuma umeme kwenye waya kinabaki kinawaka taa tu.

Kabla ya kulipa fundi, tembea mpaka mzima mkiwa pamoja na mtazame maji yanapopita. Mimi nilizungushia nusu ekari juu kule Kibosho, nguzo za mkaratusi, wavu mzuri, nikasahau mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia. Uzio ulipita juu yake na kuacha uwazi wa kama sentimita 40 hivi. Masika yalipoisha na maji yakapungua, ule mfereji ukawa mlango. Mzee jirani ndiye aliyenionyesha: tope limelainishwa kama sakafu, na kwenye ncha ya waya manyoya magumu ya kahawia. "Mwanangu," akasema, "umemjengea nyumba na geti." Sasa pale pananing'inia fito zilizofungwa kwa waya kwa juu. Maji yakija zinainuka, yakiondoka zinashuka.

Taa za kumetameta, makopo, nguo za jasho, oili chafu: vyote vinafanya kazi, lakini kwa siku chache. Vyangu vilimzuia siku nane. Vitumie kuziba wiki mbili za mwisho kabla ya kuvuna, na uvihamishe kila baada ya siku mbili.

Kulinda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, bado kunasaidia kuliko vifaa vingi, lakini pangeni zamu na majirani wa mpaka mmoja, maana ukimfukuza peke yako unamhamishia kwa mwenzako. Tochi ziwe mbili. Mbwa wasimfuate kichakani, kwani meno yake marefu yanachana, na jike mwenye watoto hageuki nyuma. Wewe pia usimfuate msituni. Msitu wa Mlima Kilimanjaro uliunganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ukikutwa humo usiku na panga, maelezo yatakuwa marefu.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumwinda bila kibali ni kosa, na mitego ya waya na sumu ndiyo inayowafikisha watu mahakamani. Kitanzi hakichagui: kinamnasa paa, mbwa wa jirani, hata ng'ombe. Akikuvamia ukamuua kwa kujitetea, toa taarifa haraka kwa mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori, na nyama usiiguse. Kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa walioharibiwa na wanyamapori, pia usikiingize kwenye hesabu ya msimu, kanuni zake ziliandikwa zikiwalenga wanyama hatari kama tembo, simba na kiboko. Hata hivyo piga picha za uharibifu siku hiyohiyo.

La mwisho ni kwa mwenye banda la kitimoto, yaani nguruwe wa kufugwa. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, lakini wa kwako akiipata mara nyingi hufa ndani ya siku chache, na tiba hakuna. Funga banda kwa ukuta, si kwa fito. Usiwape mabaki ya mahindi yaliyotafunwa shambani, na ukitoka kulinda badilisha viatu kabla ya kuingia bandani. Mimi naacha mabuti ya shamba nje, chini ya mgomba.